Mahindi ya Njano kutoka Ng'ambo

Msaada wa chakula ambao serikali moja huipa nyingine wakati wa ukame huja ama kama zawadi, ama kama mkopo wa masharti nafuu. Marekani iliweka njia zote mbili katika Sheria Namba 480 ya mwaka 1954, maghala yake yalipokuwa yamefurika nafaka isiyo na mnunuzi. Mtoaji naye alikuwa na haja yake: alipunguza ziada, na sehemu kubwa ya shehena ilitakiwa ibebwe na meli za Kimarekani.

Tanzania iliuhitaji sana msaada wa namna hiyo kati ya 1973 na 1975. Mvua zilikuwa haba, na wakati huohuo Operesheni Vijiji ilikuwa ikiwahamisha wakulima kutoka kwenye mashamba yao; kipi kiliharibu zaidi, wachumi bado wanabishana. Bei ya mafuta ilipanda, fedha za kigeni zikakauka. Serikali ikatangaza Kilimo cha Kufa na Kupona, huku nafaka ikishushwa bandarini.

Mengi ya mahindi ya Marekani yalikuwa ya njano, ambayo kwao hulishwa zaidi mifugo. Yalikuja tena mwanzoni mwa miaka ya 1980, na walaji waliozoea sembe nyeupe wakauita unga wake unga wa Yanga, kwa rangi ya njano ya klabu hiyo ya soka. Wala si yote yaliyogawiwa bure. Serikali inayopokea huweza kuuza nafaka ya msaada, na fedha zake zikaenda kwenye miradi. Nchini, biashara ya nafaka ilikuwa mikononi mwa Shirika la Usagishaji la Taifa (NMC).

Msaada huo pia hauwakuti wote na njaa sawa: mkoani Kilimanjaro, kwa mfano, njaa haibishi hodi kila mlango kwa nguvu ileile. Kihamba (shamba la nyumbani) cha Machame au Kibosho kina migomba na mifereji ya maji ya mlimani; mahindi yakikosekana, ndizi zipo. Kahe, au tambarare za Same na Mwanga, masika yakikatika hakuna cha kushika. Takwimu za mkoa mzima huificha tofauti hiyo.

Kasoro kubwa zaidi ya msaada wa chakula ni muda. Nafaka ya Marekani huweza kuchukua miezi minne hadi sita kufika. Ikiombwa baada ya masika kushindwa, huenda ikatua bandarini mahindi ya vuli yakikaribia kuvunwa, na bei ya mkulima ikaporomoka.

Japani ilijaribu njia nyingine kusini mwa Moshi. Mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, uliokamilika mwaka 1987, uliipa Mabogini na Chekereni mpunga wa uhakika. Mafanikio yake yakawavutia wakulima wa juu ya mto, nao wakaanza kulima mpunga, na maji yakapungua kwenye mifereji ya mradi.

Siku hizi maghala ya taifa yako chini ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA). Ukame ulipoipiga Zambia mwaka 2024, wakala huo ulikubali kuiuzia tani 650,000 za mahindi. Hayo yalikuwa mauzo, si msaada.