Kompyuta ya Gemu: Usinunue Taa, Nunua Moyo

Naanza kwa kuungama. Kwa miaka mingi nilikuwa nikisema kompyuta ya gemu ni anasa ya watoto wa wenye nazo. Leo naiandikia makala nzima, kwa sababu mashine moja ya aina hiyo nusura igawe familia yetu, kule nyumbani Kyerwa.

Kitinda mimba wetu alimaliza kidato cha sita 2023 akiwa na ndoto moja: kompyuta ya kuchezea mpira usiku na kuhariria video za harusi mchana. Akamlilia Mzee hadi Mzee akalegea. Mavuno yalikuwa bado, kwa hiyo Mzee akaingia kwenye butura. Kwa wasioijua, butura ni kuuza kahawa ikiwa bado mtini, kwa bei ya kutupa, kwa mtu mwenye pesa mkononi. Serikali inaipiga vita, lakini mwenye shida hasikii.

Dogo akaenda mjini, kwenye duka ambalo silitaji, akaingizwa mjini kweli. Alirudi na kasha la kioo lenye taa za rangi zote. Kijiji kizima kikaja kushangaa. Wiki ya tatu umeme ukakatika, ukarudi kwa kishindo. Puu! Moshi. Fundi wa Kayanga alipoifungua alikuta pawa saplai nyepesi kama kopo tupu, haina hata jina. Ilikuwa imeondoka na madabodi pamoja na kadi ya picha. Duka likasema dhamana haihusu mambo ya umeme.

Msimu ulipofika, kahawa yetu ikapakiwa kwenye gari la mtu mwingine. Mzee akatazama tu. Kuanzia siku ile yeye na mwanawe wakawa wanasalimiana kupitia kwa Mama.

Ni Mama aliyenipigia. "Wewe uliyesoma, wapatanishe hawa." Nikamwambia mdogo wangu: leta nusu kwa jasho lako, nami nitaongeza nusu. Alilima maharage, akabeba mizigo Omurushaka, na 2024 tukafikisha shilingi milioni moja. Haya ndiyo tuliyojifunza.

Anza na gemu, si na duka

Andika kwanza unataka kucheza nini. Sisi tulitaka EA Sports FC 24. Kiwango chake cha chini ni RAM ya GB 8, kadi ya daraja la GTX 1050 Ti yenye GB 4, na nafasi ya GB 100 kwenye diski. Ukishajua hayo, muuzaji hawezi kukuzungusha. Anayecheza mpira hana sababu ya kununua kadi ya mtu anayecheza magemu mazito ya mwaka huu.

Oa mashine ya ofisi

Kwa bajeti ndogo, kuunganisha kila kitu kipya ni kujitesa. Kariakoo zimejaa kompyuta za ofisi zilizotumika. Tulichagua yenye prosesa ya Core i5-8500, viini sita, kwa laki nne na nusu. Usishuke chini ya kizazi cha nane cha Intel, maana Windows 11 haivitambui rasmi vizazi vya nyuma ya hapo, na Windows 10 iliacha kuhudumiwa Oktoba 2025.

Chukua kasha pana, si lile jembamba. Kwenye jembamba kadi ya kawaida haiingii, utalazimika kutafuta fupi.

Kadi yetu ni GTX 1650 iliyotumika, kwa laki mbili na nusu. Inakula wati 75 tu, na matoleo yake mengi hunywa umeme kupitia madabodi bila waya wa ziada. Hilo ni muhimu, kwa sababu saplai za mashine za ofisi ni ndogo na mara nyingi hazina waya huo.

Laki moja ikaenda kwenye SSD na kijiti cha RAM, tukapata viwili vya GB 8. Viwili vinavyofanana hufanya kazi kwa kasi kuliko kimoja cha GB 16. Ila jihadhari na bei za sasa: tangu mwishoni mwa 2025 RAM zimepanda sana duniani, viwanda vikikimbilia soko la akili bandia. Ukipata mashine ambayo tayari ina GB 16, usiiache.

Moyo na mlinzi wake

Saplai ndiyo moyo. Haionekani, haina taa, na ndiyo watu wanayobania pesa. Soma wati ubavuni, tafuta jina la kampuni na alama ya 80 Plus, na ukipewa nyepesi kupita kiasi, kimbia. Halafu weka UPS. Yetu ilitugharimu laki na nusu. Dogo alinung'unika kwamba pesa hiyo ingetosha kadi kubwa zaidi. Nikamuuliza, "Kadi ya kwanza iko wapi?" Akanyamaza. Skrini na kibodi za zamani zilikuwa zimepona, basi hatukununua tena.

Jaribu kabla hujatoa hela

Kwa kadi iliyotumika, lazima uione ikicheza gemu nusu saa mbele yako. Skrini ikitoa madoadoa au feni ikikwaruza, asante, kwaheri. Andikiwa risiti yenye siku za dhamana. Gemu tuliipakua kabisa Dar, kwa sababu GB 100 kwa bando la simu ni maumivu, kisha mashine ikapanda basi.

Nilikuwepo ilipowashwa. Mzee alisimama mlangoni, mbali. "Na hii italipuka?" Dogo akachomoa waya wa UPS ukutani makusudi. Mashine ikaendelea kuwaka. Mzee akaingia, akavuta kigoda, akatoa mfukoni kahawa ya kutafuna, akampa mwanawe kwanza kabla yangu. Kwetu, unayempa kahawa ni mgeni au ni rafiki.

Mwaka huo kahawa iliiva ikiwa yetu. Dogo ndiye aliyebeba magunia kwenda chamani.