Diski ya Muda Ikae Wapi?

Kompyuta pepe, yaani kompyuta inayoundwa kwa programu ndani ya seva halisi, huhitaji diski ya kuwekea mfumo wake wa uendeshaji, na pale diski hiyo inapofutwa pamoja na kompyuta yenyewe, huitwa hifadhi ya muda. Katika OpenStack, programu huria ya kuendeshea mawingu ya kompyuta iliyoasisiwa mwaka 2010 na NASA pamoja na kampuni ya Rackspace, sehemu iitwayo Nova humwachia msimamizi uamuzi wa mahali pa kuiweka.

Njia iliyozoeleka ni faili la muundo wa qcow2 katika diski ya seva ileile: taswira ya msingi, yaani nakala ya kuanzia ya mfumo wa uendeshaji, hubaki ilivyo, ikitumiwa na kompyuta pepe nyingi kwa pamoja, na kila moja huandika pembeni yale tu iliyoyabadilisha. Data haisafiri mtandaoni, hivyo kasi huwa nzuri, hasa kwa diski za SSD. Lakini diski ya seva ikiharibika, kila kilichokuwamo hupotea.

Njia nyingine ni mfumo wa hifadhi wa Ceph, ambao huitawanya data katika seva nyingi na kwa kawaida hutunza nakala 3 za kila kipande, kiasi kwamba seva moja ikizimika, kompyuta pepe huweza kuwashwa upya kwenye nyingine. Hata hivyo, kila gigabaiti 1 hula gigabaiti 3, na kila uandishi husubiri mtandao. Ndiyo maana hifadhidata inayojinakili yenyewe katika seva kadhaa haifai kubebeshwa mzigo huo. Yafaa zaidi iachiwe diski za seva, ilimradi nakala zake zisikae kwenye seva moja.