Fahamu: Kwa nini kitunguu cha Baray kinakutoa machozi

Kata ya Baray, wilayani Karatu, kando ya Ziwa Eyasi, inajulikana kwa vitunguu vya umwagiliaji. Ukikata kimoja, macho yanawasha. Sababu imo ndani ya seli zake.

Bandua ngozi nyembamba ya ndani ya kitunguu, idondoshee iodini, iweke chini ya hadubini: utaona vyumba vilivyopangana kama matofali, kila kimoja na kiini chake; hizo ndizo seli. Sijaona somo la baiolojia lililo karibu na mkulima kuliko hili. Seli ya mmea ina ukuta mgumu wa selulosi nje ya utando wake, na katikati vakuoli kubwa iliyojaa maji. Maji hayo ndiyo yanayosimamisha jani. Yakipungua, jani hulegea. Seli ya mbuzi haina ukuta huo, ina utando tu, ndiyo maana msuli wake unaweza kujikunja na kunyooka. Zote zina mitokondria za kuzalisha nishati. Kloroplasti, zinazotengeneza chakula cha mmea kwa mwanga, ziko kwenye majani mabichi.

Kisu kikipasua seli, kimeng'enya kilichokuwa ndani ya vakuoli hukutana na kemikali za salfa zilizokuwa nje yake, na hapo hutoka gesi inayowasha macho. Tumia kisu kikali: seli chache zitapondeka, machozi yatapungua.