Katavi: udongo upimwe kabla ya banio kujengwa

Ukitoka Mpanda mjini kuelekea Kakese na Mwamkulu wakati wa masika, majaruba ya mpunga yametanda kila upande. Ndiyo maana umwagiliaji ukitajwa Katavi, wengi hufikiria banio mtoni, mfereji na maji yaliyojaa jarubani. Kwa mbuga hizo wako sahihi. Udongo wa mfinyanzi hupitisha milimita 1 hadi 5 tu za maji kwa saa, na ardhi ni tambarare. Maji yakiingia, hukaa.

Hasara huanza mfumo huohuo unapopelekwa kwenye miinuko ya udongo wa kichanga, ambako mahindi, karanga na tumbaku hulimwa. Mchanga hunywa zaidi ya milimita 30 kwa saa. Ukiuchimbia mfereji usiosakafiwa, maji huishia njiani; mwenye shamba la juu anapata ya kuzidi, wa mwisho hapati kitu. Huko kunafaa mipira ya matone au mitambo ya kunyunyizia, ambayo pia huvumilia mteremko.

Mpango Kabambe wa Taifa wa Umwagiliaji wa mwaka 2002 ulikadiria kuwa Tanzania ina hekta milioni 29.4 zinazofaa kumwagiliwa. Takwimu hiyo hunukuliwa sana. Mwenye kuweka fedha zake, au benki inayomkopesha, asome mchanganuo wake: hekta milioni 2.3 tu ndizo zenye uwezekano mkubwa, milioni 4.8 wa kati, na milioni 22.3 zilizobaki ni wa chini.

Utaratibu wa kupanga ardhi kwa madaraja ulitolewa na FAO mwaka 1976, kuanzia inayofaa sana hadi isiyofaa kabisa. Daraja hutolewa kwa matumizi mahususi. Jaruba lililo daraja la kwanza kwa mpunga linaweza kuwa baya kwa nyanya hata ukiliwekea matone, kwa sababu mizizi yake haistahimili maji yaliyotuama.

Vipimo vyenyewe si vya kutisha. Mtaalamu huchimba shimo la zaidi ya mita moja, akatazama rangi ya kila tabaka: madoa ya kijivu na ya kutu yanaonyesha kuwa maji hutuama hapo. Hufinyanga udongo uliolowa kati ya kidole gumba na cha shahada. Ukitoa utepe mrefu, mfinyanzi ni mwingi. Kisha hugongomea pete ya chuma ardhini, akaijaza maji na kusoma kwa saa ya mkononi yanashuka kiasi gani. Kipimo hiki cha mwisho ndicho hurukwa, na kwa maoni yangu ndicho kinachoamua fedha ziende kwenye mfereji au kwenye mipira. Kupima rutuba pekee hakutoshi. Mpimbwe, kadiri unavyolikaribia Ziwa Rukwa ambalo maji yake ni ya magadi, chumvi nayo ipimwe mapema.

Hesabu ya maji ni nzito zaidi. Chukua zao linalohitaji milimita 500 kwa msimu, mfano nyanya. Kwa mifereji, ambayo FAO huikadiria ufanisi wa asilimia 60 shambani, hekta moja itadai mita za ujazo 8,300 hivi. Kwa matone, kwa asilimia 90, zinatosha kama 5,600. Tofauti hiyo ina thamani kubwa katika mkoa wenye msimu mmoja wa mvua, ambako Mto Katuma hupungua sana kiangazi. Katuma huohuo ndio unaolisha Ziwa Chada ndani ya Hifadhi ya Katavi, ambako viboko hubanana kwenye madimbwi maji yanapokauka, kabla ya kuendelea kama Kavuu hadi Rukwa.

Matone nayo yana gharama zake: pampu, tangi, chujio. Maji ya mto wakati wa mvua hubeba tope, na mkulima asiyesafisha chujio atakuta mipira imeziba msimu haujaisha. Kwa mkulima wa ekari moja ya mboga karibu na soko la Mpanda gharama hiyo inaweza kurudi. Kwa mahindi ya chakula ni vigumu, na huyo ashauriwe kutegemea mvua kuliko kukopeshwa vifaa. Kwa vyovyote, kibali cha kutumia maji kutoka bodi ya maji ya bonde kitafutwe kabla ya kununua pampu, kwani kiasi kitakachoruhusiwa ndicho kitakachosema ni ekari ngapi za kulima.