Dansi na uchumba katika riwaya za Jane Austen

Dansi na uchumba katika riwaya za Jane Austen ni mada inayohusu jinsi mwandishi huyo Mwingereza (1775–1817) alivyotumia kumbi za dansi na adabu zake kuonyesha wanaume na wanawake wakichaguana, wakipimana na wakikataana. Riwaya zake sita kuu zilitolewa kati ya mwaka 1811 na mwisho wa 1817. Wakati huo George, mwana wa mfalme George III, alikuwa akitawala kama kaimu wa baba yake mgonjwa. Kipindi hicho cha kaimu mfalme (1811–1820) kimekuwa mandhari ya riwaya nyingi za mapenzi zilizoandikwa baadaye, na pia ya filamu na tamthilia za televisheni.

Sababu ya umuhimu wa dansi

Msichana wa familia yenye ardhi hakutakiwa kukaa faragha na mwanamume asiye ndugu yake. Hata kuandikiana barua kulihesabiwa kuwa jambo la wachumba tu. Katika Sense and Sensibility (1811), Marianne anampelekea Willoughby barua, na dada yake Elinor anaamini kwamba wawili hao wameshaahidiana ndoa. Kumbe hakuna ahadi yoyote, na aibu inamwangukia Marianne.

Dansi ilikuwa njia mojawapo chache zilizobaki wazi. Aliyemwomba msichana kucheza alimwomba kwa kawaida dansi mbili mfululizo, yaani takriban nusu saa. Kwa muda huo walishikana mikono na kuzungumza, mbele ya macho ya mama, shangazi na majirani, lakini bila wote hao kusikia kila neno.

Mali nayo ilihusika sana. Mke alipoolewa, fedha na vitu vyake vilikuwa vya mumewe, isipokuwa vile vilivyolindwa kwa mkataba. Sheria hiyo ilibadilishwa kwa hatua, hasa mwaka 1870 na 1882. Mali iliyotazamiwa wakati wa ndoa ilitoka upande wa bibi arusi, hivyo msichana asiye na kitu alikuwa na wachumba wachache. Asipoolewa, aliishi kwa hisani ya kaka zake au alikwenda kufundisha watoto katika nyumba za matajiri. Katika Pride and Prejudice (1813), mabinti watano wa Bennet wanajua kwamba baba yao akifa nyumba yao itarithiwa na Bw. Collins, jamaa yao wa kiume. Kelele za mama yao kuhusu dansi huchekesha wasomaji, ila hesabu yake si ya kijinga.

Kanuni za ukumbini

Dansi zilikuwa za aina mbili: zile za nyumbani kwa mtu, zilizohudhuriwa kwa mwaliko, na zile za kumbi za umma, ambako watu walilipa kiingilio. Katika mji wa Bath kumbi maarufu za juu zilifunguliwa mwaka 1771. Vijijini ilitumika hata nyumba ya wageni. Mara nyingi ulichaguliwa usiku wa mbalamwezi ili magari ya farasi yaone njia.

Mwanamume hakuweza kumwomba dansi mwanamke ambaye hawajatambulishwa. Katika kumbi za umma kazi hiyo ilifanywa na mshereheshaji. Ndiye anayewakutanisha Catherine Morland na Henry Tilney katika Northanger Abbey. Watu walivaa glavu. Kucheza na mtu mmoja zaidi ya mara mbili kwa usiku mmoja kulizua maneno.

Kanuni iliyowabana wanawake zaidi ilikuwa ya kukataa. Mwanamke alikuwa na haki ya kusema hapana, lakini akishamkataa mmoja hakupaswa kumkubali mwingine. Alitakiwa akae usiku ule, au angalau dansi zile mbili. Kwa hiyo kumkataa mtu asiyependeza kulimnyima pia yule aliyemtaka. Elizabeth Bennet anamkubali Bw. Collins kwa dansi mbili za kwanza katika nyumba ya Netherfield kwa sababu hiyo, ingawa alitarajia kumpa Wickham nafasi hiyo. Catherine naye anaahidiwa dansi na John Thorpe, ambaye anaingia chumba cha karata na kumwacha ameketi. Tilney anapokuja kumwomba, inabidi amkatalie.

Tilney mwenyewe, baadaye katika riwaya hiyo, anafananisha dansi na ndoa: katika zote mbili mwanamume huchagua, na mwanamke ana uwezo wa kukataa tu. Anasema kwa mzaha, lakini mzaha huo unaeleza vizuri mpango wa riwaya zote sita.

Dansi yenyewe kwa kawaida ilikuwa ya safu mbili ndefu, wanaume upande mmoja na wanawake upande wa pili. Jozi zilishuka safu hatua kwa hatua, na kila jozi ilipata vipindi vya kusimama ikisubiri zamu. Ni katika kusubiri huko mazungumzo mengi ya Austen yanafanyika. Walsi, ambamo mwanamume humshika mwanamke kwa karibu, ilikuwa ngeni Uingereza na ilipingwa. Mwaka 1816 gazeti la The Times liliilaumu vikali baada ya kuchezwa katika dansi ya kaimu mfalme.

Dansi kama kipimo cha tabia

Austen haelezi sana hatua za miguu. Anachofuatilia ni nani amemwomba nani, na nani ameachwa. Darcy anakataa kucheza na Elizabeth walipokutana mara ya kwanza, naye anamsikia. Baadaye Elizabeth anamkataa, na mara ya tatu anakubali, karibu bila kutaka. Mfuatano huo unatangulia posa zake mbili, ya kwanza iliyokataliwa na ya pili iliyokubaliwa.

Tukio kali zaidi pengine limo katika Emma (mwishoni mwa 1815). Bw. Elton, kasisi aliyekwisha kuoa, anamkwepa waziwazi Harriet Smith, msichana asiyejulikana wazazi wake, huku mkewe akifurahia. Bw. Knightley, ambaye kwa kawaida hachezi, anakwenda kumchukua Harriet. Kitendo hicho kinamwonyesha Emma ni nani muungwana, ila kina matokeo mengine: Harriet anahesabu wema huo kuwa dalili ya mapenzi. Katika Persuasion, Anne Elliot mwenye miaka 27 anapiga piano ili wengine wacheze, na Kapteni Wentworth anaambiwa kwamba Anne ameacha kabisa dansi.

Austen aliijua hali hiyo mwenyewe. Barua zake za Januari 1796 kwa dada yake Cassandra zinataja dansi alizocheza na Tom Lefroy, kijana kutoka Ireland. Wote wawili hawakuwa na fedha, na Lefroy aliondoka. Mwaka 1802 alikubali posa ya Harris Bigg-Wither, mrithi wa ardhi, kisha akaikataa asubuhi iliyofuata. Hakuolewa kamwe.

Katika vitabu vya baadaye na filamu

Georgette Heyer (1902–1974), kuanzia Regency Buck (1935), alizigeuza kanuni hizi kuwa sehemu ya burudani. Kwake msomaji hukutana tena na tena na ukumbi wa Almack's wa London na mabibi wakuu wanaoamua nani aingie. Waandishi wengi wa mapenzi wamejifunza kipindi hicho kutoka kwake kuliko kutoka kwa Austen, ambaye hakuwa na haja ya kuwaeleza wasomaji wake adabu walizozijua.

Filamu zimekuwa na uhuru zaidi. Ile ya 1940, yenye Greer Garson na Laurence Olivier, ilitumia mavazi ya miaka ya baadaye. Tamthilia ya BBC ya 1995 iliwachezesha Elizabeth na Darcy dansi iliyochapishwa mwaka 1695, ya kizamani mno kwa vijana wa 1813, lakini mwendo wake wa taratibu unawapa waigizaji nafasi ya kusema. Katika filamu ya Joe Wright (2005) watu wengine wote wanatoweka na wawili hao wanabaki peke yao. Tukio hilo linapendeza, ingawa linaondoa jambo ambalo riwaya haiachi kamwe: watazamaji. Bride and Prejudice (2004) ya Gurinder Chadha inalihifadhi vizuri zaidi kwa kuhamishia hadithi Amritsar, India, ambako dansi za arusi huchezwa mbele ya ukoo mzima. Bridgerton, iliyoanza kuonyeshwa Netflix tarehe 25 Desemba 2020 kutokana na vitabu vya Julia Quinn, huwachezesha wahusika wake kwa nyimbo za pop za leo zilizopigwa kwa fidla.