Ushindi Upi Uliozidi Wote?

Ubishi wa mpira hauko Pwani peke yake. Kule Alabama, Marekani, wapenzi wa timu ya Chuo Kikuu wana wao: toka 2010 hadi 2019, ushindi upi uliozidi wote? Mpira wenyewe si huu wetu. Wao huushika mikononi wakakimbia nao.

Wako watajao 9 Januari 2012, New Orleans, walipoilaza LSU 21-0. Miezi miwili nyuma LSU iliwashinda 9-6 kwao Tuscaloosa, mji ambao Aprili 2011 ulibomolewa na kimbunga, watu wengi wakafa. Ushindi ule ulikuwa maliwazo.

Wengine hushika 8 Januari 2018, Atlanta. Hadi mapumziko Georgia iliongoza 13-0. Mwalimu Nick Saban akamtoa Jalen Hurts, akamtia Tua Tagovailoa, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Katika muda wa nyongeza Tua akamrushia DeVonta Smith mpira wa yadi 41, mchezo ukaisha 26-23.

Mimi, msomaji, nauchagua wa tatu. Hurts, aliyewekwa kando mbele ya umati, mwaka ule hakuhama. Tarehe 1 Desemba 2018, uwanja ule ule, Georgia ile ile, Tua akaumia, timu i nyuma 28-21. Hurts akaingia, akaigeuza ikawa 35-28.

Kikombe hupata kutu. Subira ya kijana yule haipati. Na wewe wasemaje?