Mitutu Miwili, Cheti Kimoja

Nilipokuwa mtoto Kisauni, bunduki ya mitutu miwili ilikuwa kitu cha mwenye shamba kubwa. Sisi wenye mihogo na minazi ya kuhesabika tulilinda kwa teo, debe na kelele. Kwa hiyo mwaka 1983, nilipomwambia mamangu kwamba nanunua bunduki, hakunipa hongera. Aliniuliza, "Na hiyo bunduki, mwanangu, italala na nani?"

Wakati huo nilikuwa fundi kwenye kiwanda cha kusafisha mafuta pale Changamwe, na shamba letu la urithi liko Mwakirunge, huko nyuma ya Kisauni ambako watu wa mjini husahau kwamba nako ni Mombasa. Nguruwe mwitu walikuwa wakiingia usiku na kufukua mihogo kana kwamba wamelipwa. Mwenzangu kazini, mzee Mgoa aliyekuwa akijiandaa kuhamia kwa wanawe Uingereza, alikuwa na Webley & Scott iliyotengenezwa Birmingham, na hakutaka kwenda nayo. Tulikubaliana bei kwenye kantini, tukapeana mkono. Mimi nikadhani biashara imekwisha.

Kumbe ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Kenya hununui bunduki kisha ukatafuta leseni. Unaomba cheti kwanza, nayo bunduki inakusubiri. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, ni ya tangu enzi za mkoloni, na msingi wake ni kwamba kuwa na silaha si haki ya mtu bali ni ruhusa anayopewa, na ruhusa hiyo hunyang'anyika. Tena ulikuwa mwaka mmoja tu tangu jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, na hakuna ofisa aliyetaka jina lake lionekane chini ya karatasi iliyompa raia bunduki. Nilitia vidole wino, nikaulizwa shamba ni ekari ngapi, nina ugomvi na nani, nakunywa au sinywi. Bunduki ilikaa polisi muda wote huo. Mzee Mgoa alipanda ndege bado sijaigusa.

Nilipokabidhiwa, kilichonishangaza kwanza ni wepesi wake. Ina uzito wa kilo tatu hivi. Ukisukuma wenzo wa juu kwa kidole gumba, inakunjika katikati na mitutu yote miwili inabaki wazi. Unaona mwanga upande wa pili, na kila aliye karibu nawe anaona kwamba haina kitu. Kwangu mimi huo ndio ubora wake mkubwa kuliko bunduki za kisasa zinazoficha risasi tumboni. Ukiondoa kipande cha mbao cha chini, mitutu inatoka kabisa, na bunduki nzima inaingia kwenye mfuko mfupi wa turubai.

Vifyatuo ni viwili, kimoja mbele ya kingine. Cha mbele hupiga mtutu wa kulia, cha nyuma hupiga wa kushoto. Na mitutu hiyo, ingawa imeunganishwa kama pacha, haikuchongwa sawa. Wa kulia huwa wazi zaidi mdomoni, kwa hiyo marisau hutawanyika mapema. Wa kushoto umebanwa kidogo, marisau yakaenda mbali kabla ya kusambaa. Ndege akiruka karibu nawe unavuta cha mbele. Ukimkosa, atakuwa amekwenda mbali, na cha nyuma kinamfuata. Zaidi ya hatua arobaini hivi, afadhali uache.

Ile namba 12 iliyopigwa muhuri chini ya mitutu huwachanganya wengi. Si urefu wala si idadi ya risasi. Chukua ratili moja ya madini ya risasi, igawe sawasawa uitengeneze kuwa golori kumi na mbili: golori moja ndiyo inayoenea mtutuni, upana wa milimita 18.5 hivi. Ndiyo maana ya namba 20, ambayo watu huidhania kubwa, kuwa nyembamba zaidi.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo mzee Mgoa alinieleza kabla ya kuondoka, akanishika mkono ili nisisahau. Bunduki nyingi za zamani za Kiingereza zina nafasi ya risasi ya urefu wa milimita 65. Risasi za siku hizi ni za 70. Zinaingia vizuri kabisa, unafunga, hakuna kinachokuonya. Ila ganda likifunguka kwa mbele halina pa kukaa, na nguvu ya baruti inarudi kwenye chuma cha miaka mingi. Kuingia si dalili ya kufaa. Kwa hiyo kila nilipokwenda kununua risasi, nilisoma kasha kabla ya kuuliza bei.

Halafu kuna bahari. Mtu wa Nanyuki hawezi kuelewa upepo wa chumvi unavyokula chuma. Ukiishika bunduki kwa kiganja chenye jasho ukailaza, alama ya vidole itaandikwa kwa kutu. Mafuta ya nazi hayafai. Huchacha na kunata. Nilitumia mafuta ya cherehani, hata mke wangu, ambaye cherehani ilikuwa yake, akawa anauliza, "Leo umempaka mafuta mke mwenzangu?" Risasi zenye maganda ya karatasi, zilizokuwa bado zikipatikana miaka ile, zilivimba kwa unyevu, zikakwama mtutuni mpaka uzitoe kwa kisu. Za plastiki zilipoenea nilishukuru Mungu.

Nguruwe niliwapiga kwa ruhusa ya idara ya wanyamapori, maana tangu Mei 1977 uwindaji ulipigwa marufuku nchini Kenya, na aliyeharibiwa mazao hana budi kueleza. Sisi Waislamu hatumli, lakini sijawahi kumzika hata mmoja: mlio ukisikika, jirani zangu Wakristo walikuwa wameshafika na shoka kabla sijafungua bunduki. Ndege wa kuwindwa waliachwa nje ya marufuku ile, kwa leseni, na tuliwafuata kanga na kwale upande wa Bamba. Hapo tulikuwa na kijana mwenye kisu ambaye kazi yake ilikuwa mbio tu. Ndege akianguka anamwahi angali hai amchinje, kwani wazee wetu hawakutaka kuingia kwenye mjadala wa mashekhe juu ya aliyekufa kwa risasi. Risasi moja ya namba 6 ina punje karibu 290. Kula pilau ya kanga ilikuwa kazi ya subira, kila mtu na sahani ndogo ya kutemea marisau.

Kunguru ni habari nyingine. Hawa weusi wenye shingo ya kijivu ni wageni kutoka Bara Hindi. Zanzibar waliletwa mwishoni mwa karne ya 19, Mombasa wakafika miaka ya 1940, na wamemaliza vifaranga na makinda ya ndege wengine. Niliwapiga wawili. Baada ya hapo, nikitoka na jembe wanakaa wananitazama, nikitoka na bunduki hakuna kunguru Mwakirunge nzima.

Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997, wavamizi walishambulia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua askari na kuchukua bunduki. Ghasia zilizofuata ziliua zaidi ya watu mia moja Pwani na kuwahamisha maelfu. Huku kwetu kaskazini tulisikia habari ikija kwa matatu, ikikua kila stendi. Kila mtu alijua nyumba yangu ina nini, na mimi nilijua kwamba wanajua. Bunduki niliyoinunua ili nilale usingizi sasa ndiyo ilikuwa sababu ya mtu kuja usiku. Kulipokucha nilifunga turubai, nikavuka Daraja la Nyali, nikaikabidhi polisi wanihifadhie. Ilirudi baada ya miezi mingi, na kutu kwenye kifyatuo cha nyuma.

Mwisho wake haukuwa na kishindo. Desemba 2018 Waziri Fred Matiang'i aliwapa wenye silaha wote siku 90 wakachunguzwe upya na Bodi ya Leseni za Silaha. Sikuwa na la kuficha, ila nilikuwa mzee, na wanangu watatu walikuwa wameshaanza kuulizana nani ataichukua. Niliwaeleza kwamba bunduki hairithiwi kama mnazi. Mwenye cheti akifa, cheti kinakufa naye. Silaha inapaswa kwenda polisi, na anayeitaka aanze maombi yake mwenyewe kama nilivyoanza mimi. Wawili walikata tamaa papo hapo. Wa tatu anaishi Doha.

Niliiuza kwa mfanyabiashara mwenye leseni. Aliichungulia mitutu kwenye mwanga, akapitisha kitambaa, akanusa mafuta ya cherehani na kutabasamu. Pesa aliyonipa ilinunua seng'enge ya kuzungushia shamba upande wa bondeni. Nguruwe wanapita chini yake.